Habari za Asubuhi, Hafsa

Kila asubuhi simu ilimwamkua marehemu.

"Habari za asubuhi, Hafsa. Haya ndiyo tuliyokuchagulia leo."

Lukumani alikuwa bado kitandani, upande wake uleule wa ukutani, kama kwamba ule mwingine una mtu. Alijibu, "Njema," kisha akapangusa kioo kwa kidole chenye sugu ya nyundo, polepole, maana kusoma kwake kulikuwa kwa darasa la nne na mengine ya kujitafutia. Kulikuwa na namna ya kuunga maharage kwa karanga. Kulikuwa na mwimbaji wa taarabu aliyeachika tena. Kulikuwa na vitenge vya sikukuu, na mama mmoja wa Urambo aliyejifungua mapacha akiwa shambani. Hakuna hata moja lililomhusu mzee anayegonga mabati ya mapipa kutengeneza majiko pale Ng'ambo, Tabora. Ndiyo maana aliyasoma yote mpaka mwisho.

Simu ilikuwa ya mkewe. Kitochi chake mwenyewe kilitumbukia kwenye sufuria la pilau siku ya hitima, hakikufufuka, akachukua ya Hafsa iliyokuwa imelala kwenye mtoto wa meza. Alidhani ni ya kupigia tu. Kumbe Redio Mkondo, redio ya mjini ambayo siku hizi habari zake nyingi zimehamia kwenye simu, ilikuwa haijapata habari ya ule msiba. Iliendelea kumletea Hafsa mambo ya Hafsa. Kwa watu wote yule mwanamke alikuwa ameshazikwa na kusomewa. Kwenye simu alikuwa bado anapenda pilipili, bado anaulizia khanga mpya, bado anacheka umbea wa wasanii. Hawakujaliwa mtoto. Mtu wa kumzungumzia Hafsa ndani ya nyumba ile alikuwa ni hiyo simu tu.

Batuli, muuza maandazi wa mbele ya karakana, ndiye aliyempa tahadhari.

"Kaka Luku, usidhani hiyo simu unaisoma wewe. Inakusoma yenyewe. Ukifungua mpira leo, kesho mpira. Ukifungua siasa, umekwisha, itakuletea sura za waheshimiwa mpaka uziote."

"Na nikifungua mambo ya mabati?"

"Itajua huyu si Hafsa. Itamtoa yeye, itakuingiza wewe."

Tangu siku hiyo Lukumani alisoma kama mtu anayetembea juu ya mkeka wa watu. Habari za barabara hakugusa. Za bei ya makaa hakugusa, wala za wakulima wa tumbaku wa Sikonge, ingawa huko ndiko walikokuwa wateja wake wakubwa. Kidole kikiteleza na kufungua jambo ambalo Hafsa asingelifungua, alirudi mbio akafungua mapishi mengi mfululizo, kama anayemwomba mtu radhi. Wengine humwekea marehemu wao picha ukutani. Yeye alimwekea mkewe habari.

Karakana ndiyo ilikuwa baraza. Kassamali, muuza saruji na nondo wa duka la kona, Mhindi aliyezaliwa Tabora na baba yake akazaliwa Tabora, alikuja kila alasiri na kikombe chake mwenyewe mkononi, kwa madai kwamba chai ya Batuli ni maji ya kusuuzia vikombe.

"Mimi yangu inanipa zabuni," alisema siku moja, akipuliza chai. "Barabara, madaraja, nani kapata kazi, nani kanyang'anywa. Safi kabisa. Sina haja ya kujua nani kaachika."

"Yangu inanijua kuliko mume wangu," alisema Batuli. "Yule mwanamume mpaka leo hajui napenda nini. Simu imechukua wiki moja tu."

"Inakujua ili ikuuze, mama. Mimi mtu wa duka, nisikilize. Anayetaka kukujua sana ana kitu kwenye rafu."

"Basi na iniuze! Nani mwingine ataninunua kwa umri huu?"

Walicheka mpaka mteja wa jiko akageuka. Lukumani hakucheka. Aliendelea kukunja bati kwa koleo.

"Zamani tulisikia wote kitu kimoja," alisema. "Jioni, habari zikiisha, yanasomwa matangazo. Vifo, wagonjwa, waliopotea, ng'ombe walioibwa. Akifa mtu Sikonge, anajua wa Tura, anajua wa Urambo. Hukuwa na kazi ya kwenda kumwambia jirani. Jirani kasikia na wewe. Sasa kila mtu kaivaa redio yake kichwani kama kofia. Na wakubwa ndivyo wanavyotaka. Watu wasiosikia neno moja hawawezi kukasirika pamoja."

"Haya, mheshimiwa mbunge," alisema Kassamali, akamwinulia kikombe.

Baadaye kidogo Kassamali akaanza kubadilika. Akawa anakuja na vikombe viwili. Anamwekea Lukumani kimoja juu ya fuawe lake la kugongea bati, hasemi kitu, anakaa, anakohoa, anaondoka. Batuli naye akawa anamfungia maandazi kwenye gazeti bila kuulizwa. Lukumani aliona, akadhani ni uzee unawaingia.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Kassamali alitokea kabla ya duka kufunguliwa, bila kikombe chochote. Akakaa juu ya pipa ambalo halijakatwa. Sauti yake ilikuwa ya msibani.

"Bwana Luku, sikutaka kukugusa donda. Ila naona siku zinakwisha. Isenga umeshakwenda, au kuna mtu wako utamtuma?"

"Isenga kuna nini?"

Kassamali alimtazama kama anayetazama mtu asiyejua kwamba nguo yake inaungua.

"Makaburi, Luku. Ile barabara mpya ya mradi inapita palepale. Wanahamisha makaburi. Mwenye mtu wake aende akamtambue. Habari imekuja kwangu, ikarudi, ikarudi tena."

Isenga ni kitongoji cha nyuma ya stesheni ya Tura. Kwao Hafsa. Aliomba alazwe huko, ubavuni mwa mama yake, na Lukumani alimpeleka kama alivyoomba. Ndugu waliokuwapo siku ile wameshatawanyika. Mmoja kafa, mwingine kahamia Katavi, waliobaki walilipwa fidia na kuhama kupisha mradi huohuo. Alikuwa hana mtu huko tena isipokuwa aliye chini ya udongo.

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua! Nani asiyejua? Ni habari ya redio! Nikamwambia Batuli, jamani, tusimkumbushe, amenyamaza, ana lake moyoni, tumwache. Hizo chai zote nilizokuletea, hukujiuliza Kassamali amepatwa na nini?"

"Mimi kwenye simu yangu haikuja," alisema Batuli, ameshika kifua. "Aliniambia yeye. Nikasema, kama imemfikia mwenye saruji, mwenye mke itakosaje kumfikia? Wallahi, kaka."

Nyundo ilimtoka Lukumani mkononi, ikaangukia mabati, na mlio wake ukawa mrefu. Hakuweza hata kuwakasirikia. Ilikuwa adabu ya zamani, adabu ya wakati wa redio moja. Jambo likishatangazwa, humwendei mfiwa kulirudia mlangoni kwake. Nao walikuwa na adabu hiyo bado, redio yenyewe ikiwa haipo.

Alichukua simu akaitafuta habari. Alipangusa chini, chini, chini zaidi. Vitenge. Sambusa za nyama. Mchekeshaji kanunua gari.

"Twende Tura," alisema Kassamali. "Pikapu ina mafuta."

"Twende redioni kwanza."

"Redioni kufanya nini?"

"Wasome sasa hivi kwamba lile kaburi lina mwenyewe. Redio inafika Tura kabla ya gari."

Wakaenda redioni.

Pale Redio Mkondo palikuwa na kiyoyozi, na sakafu iliyomfanya Lukumani aone aibu kwa viatu vyake. Ukutani palikuwa na runinga kubwa isiyoonyesha picha wala mtu, namba tu, zikipanda na kushuka kama mizani ya dukani. Alitokea msichana mmoja, mwandishi wa habari, jina lake Zuena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anayesoma matangazo ya vifo na makaburi ndiye nani hapa?"

"Hayo siku hizi hatuyasomi hewani, baba. Yapo kwenye simu. Kila mtu anapata yanayomhusu."

"Nani aliamua?"

"Wasikilizaji wenyewe. Tuliwauliza. Wengi walisema yanawachosha, kila jioni vifo, vifo."

"Mliwauliza na wafiwa?"

Zuena akaonyesha ile runinga. "La Isenga lilitoka, baba. Lilisomwa na watu wengi sana. Pengine lilipita hukuliona. Naomba simu."

Lukumani aliishika kidogo kabla ya kuiachia. "Usifungue kitu humo."

"Sifungui, baba, naangalia tu." Alibonyeza huku na huku. "Msomaji ni mwanamke. Mtu mzima. Anakaa Ng'ambo, kwao ni Tura."

"Kumbe mnajua kwao ni Tura!" alidakia Kassamali. "Mnajua mpaka kwao! Sasa mbona hamkumpelekea la huko kwao?"

Zuena alibonyeza tena, kisha vidole vikasimama.

"Mwenyewe alikataa," alisema.

"Nani alikataa?"

"Mwenye simu. Kuna mahali mtu anachagua mambo ambayo hataki kuonyeshwa. Amekataa mazishi. Makaburi. Hospitali." Akashusha sauti. "Saratani. Alichagua mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani."

Lukumani alitafuta pa kukaa, hakupaona, akaegemea ukuta.

Ramadhani ya mwaka juzi. Hafsa anakaanga sambusa akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa sababu, alisema, miguu imechoka na saumu. Kageuka na mwiko mkononi, anacheka, anamwambia mumewe: Fundi, daktari anasema ni vidonda vya tumbo tu, nipunguze pilipili, sasa mimi na pilipili nani atamwacha mwenzake? Naye Lukumani akacheka, akala sambusa, akalala. Miezi yote ile alilala. Mpaka siku alipombeba mwenyewe kumpeleka wodini na kuona alivyokuwa mwepesi, alikuwa akiamini ni pilipili. Kumbe mwanamke alikuwa amekaa peke yake na neno hilo, saratani, likimtokea kila anapofungua simu, kila siku amekufa fulani, kila siku dalili zake ni hizi, mpaka akaiambia simu basi, nisionyeshwe tena. Simu iliambiwa. Mume hakuambiwa.

"Alikuwa anajua," alisema, si kwa mtu.

"Pole, baba," alisema Zuena.

"Pole ya nini? Mtu kafa, nyinyi mnaendelea kutii amri yake! Mnamficha maiti kaburi lake mwenyewe! Mngesoma kwa mdomo, kama mlivyokuwa mnasoma, ningekuwa nagonga bati langu na ningesikia, nitake nisitake!"

"Sikujua, baba. Mimi naandika tu. Nani aione, mtambo wa kompyuta ndio unaochagua. Hata habari zangu mwenyewe siku nyingine sizioni kwenye simu yangu."

"Anayejua huo mtambo unavyochagua ni nani?"

"Wako Dar."

"Na hao wa Dar wanajua?"

Zuena alifikiri kwa haki kabisa. "Nao waliletewa tu huo mtambo."

"Loo," alisema Kassamali. "Kumbe duka halina mwenyewe."

Msichana alisogea karibu, akamwonyesha Lukumani kioo cha simu. "Naweza kuliondoa hilo katazo. Nikibonyeza hapa, kuanzia leo utaletewa yote. Nibonyeze?"

"Usimguse!" Lukumani aliipokonya kwa nguvu mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Mkubwa wa kituo, bwana Adinani, akatoka ofisini kuangalia kelele. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, huruma ile ya watu wenye viti vizuri.

"Mzee wangu, pole sana. Hewani sasa hivi kuna kipindi cha wadhamini, siwezi kukikata. Lakini tangazo lako tunaliweka mtandaoni dakika hii hii, litawafikia walengwa."

"Walengwa ndio kina nani?"

"Mtambo unawajua."

"Mheshimiwa mmoja akifa leo," alisema Lukumani, "kipindi cha wadhamini kinakatwa au hakikatwi?"

Adinani alitazama runinga ya namba. Zuena alikuwa tayari pembeni anapiga simu ya mradi, anapiga tena, na kwenye sikio lake ulisikika wimbo wa kusubirisha watu.

Wakashika njia ya Tura jua likiwa kichwani.

Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, na mizinga ya nyuki imening'inia kwenye matawi kama magogo yaliyojinyonga. Ni njia ileile ya wapagazi wa zamani, waliopita na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Aliyekufa njiani alisogezwa pembeni na mzigo wake ukatafutiwa bega jingine. Lukumani alikua akisikia habari hizo kwa babu yake na kushukuru kwamba zimepita.

"Luku," alisema Kassamali baada ya kupita Nyahua, macho barabarani. "Nitukane basi. Usinyamaze."

"Nikutukane kwa lipi? Wewe umepewa yako, nami nimepewa yangu."

"Ningeuliza tu. Neno moja. Luku, umesikia la Isenga?"

"Ungeuliza," alisema Lukumani. Akageuzia uso dirishani.

Isenga hapakuwa Isenga. Palipokuwa na nyumba palikuwa na kifusi chekundu, na palipokuwa na makaburi palikuwa tambarare, ardhi imekwanguliwa na kushindiliwa, alama za magurudumu zimepita juu yake zikienda na kurudi. Lukumani alishuka kabla pikapu haijasimama. Alitafuta mti wa kumwelekeza. Hapakuwa na mti.

Mbele zaidi, karibu na vichaka, palikuwa na safu za matuta mapya, na mashine ya kuchanganyia zege inazunguka kwa kelele. Msimamizi alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ngumu, akajitambulisha kwa jina la Wenceslaus.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimemfuata mke wangu."

Wenceslaus alivua kofia. Hiyo peke yake ilitosha kumweleza Lukumani.

"Wenye watu wao walikuja, tuliwahamisha mbele yao, wale pale, wana majina," alisema Wenceslaus. "Waliobaki tulisubiri, mzee. Tulisubiri kuliko tulivyoamriwa. Mwisho wakubwa wakasema barabara haiwezi kungoja. Tukaleta mwalimu wa msikiti na katekista, tukawahamisha kwa heshima zote."

"Yeye yupo wapi?"

"Ndiyo shida, mzee. Masanduku tuliyaandika kwa chaki, nani ni nani. Tukiwa njiani na trekta ikashuka mvua, hii ya kwanza ya msimu. Tulipofika hapa chaki ilikuwa imefutika yote. Tukaambiwa, si hawana wenyewe, wapangeni tu." Aliinamisha kichwa. "Tuliambiwa tangazo limewafikia wote."

Pembeni palikuwa na lundo la vitu vilivyong'olewa kwenye makaburi ya zamani: misalaba, mawe, vibao vya kichwani na miguuni ambavyo watu huviita mashahidi. Lukumani alichakura kwa mikono mpaka akaona viwili vya mninga alivyochongesha mwenyewe, vizito, vyenye rangi ya damu iliyokauka. Akavikumbatia. Kwa hiyo alikuwamo. Kweli walimng'oa, kweli walimleta. Alikuwa ndani ya mojawapo ya matuta yale, hatua chache kutoka pale aliposimama, na angeweza kumkanyaga bila kujua.

"Fungueni," alisema.

"Mzee..."

"Fungueni, nimtazame!"

"Luku." Kassamali alimshika bega. "Utamjua kwa kitu gani, ndugu yangu? Umemzika kwa sanda kama wengine. Hakuna alichoondoka nacho."

Lukumani alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama mtu aliyeulizwa jina lake na kulisahau. Pete ilibaki nyumbani, hereni zilivuliwa na waoshaji. Mwanamke aliyeishi naye ujana na uzee, na hapakuwa na kitu kimoja ambacho angeweza kusema, kwa hiki nitamjua. Akakaa palepale kwenye udongo na vibao vyake, na sauti iliyomtoka iliwafanya vijana wa zege waache makoleo.

Wenceslaus alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na uso wa mtu mwema aliyepewa kazi mbaya.

"Sikiliza, mzee. Jioni hii tunamwaga zege juu ya yote, ndiyo amri. Wewe chagua moja. Lolote. Tutaandika jina lake vizuri likiwa bichi, tutasimika hivyo vibao vyako. Utakuwa na mahali pa kuja. Nani atajua?"

Ndiyo ilikuwa fadhila pekee aliyopewa siku ile nzima. Lukumani alisimama, akatazama. Tuta moja lilikuwa pembeni, chini ya kivuli cha mti wa mtundu, na moyo wake ukalikimbilia, maana Hafsa hakulipenda jua. Alilisogelea. Aliinua mkono amwonyeshe Wenceslaus.

Akaona kwamba humo ndani pengine yumo mtu aliyeshuka kwenye treni akiwa mgonjwa, akafia Tura bila mtu kumjua. Au bibi wa watu. Au mtoto. Na Hafsa yupo safu ya pili juani, anasikia jina lake linaitwa kwenye mlango wa mwingine, kila Idi, mpaka Kiyama.

Mkono ukashuka.

"Hapana," alisema. "Kuchaguachagua ndiko kumetufikisha hapa."

"Basi tufanyeje, mzee? Giza linakuja, na bosi atapita."

"Zima mashine yako."

Wenceslaus alitazama barabarani, akatazama vijana wake, akaenda akaizima.

Lukumani aliviweka chini vile vibao. Akaanza tuta la kwanza kabisa la safu ya kwanza. Akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupia juu ya tuta, mara tatu, kama anavyofanya mwenye msiba pembeni ya kaburi, akisema yale ya kusema: kutokana nao tumekuumbeni, na humo tutakurudisheni, na kutoka humo tutakutoeni mara nyingine. Akasogea la pili. Akainama tena. Wengine humo walikuwa Wakristo, alijua, akawaomba radhi na kuwatupia vilevile. Kassamali alikunja mikono ya shati lake jeupe akamfuata nyuma, tuta kwa tuta. Madhehebu yao yalitofautiana kidogo, kwa mambo ambayo jioni hiyo hayakuwa na kazi.

Udongo ulikuwa mbichi na wa kunata. Ulimjaa kwenye kucha, ukampanda mpaka viwikoni. Katikati ya safu ya pili sauti ilimkatika, akabaki anatupa bila kusema, machozi na kamasi vikimtiririka mbele ya vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Hakuna aliyecheka. Mmoja alivua kofia, na wengine wakavua.

Alipofika tuta la mwisho hakuweza kunyooka, Kassamali akamwinua kwa kwapa. Nyuma yao mashine iliwashwa, na toroli la kwanza la zege likasukumwa kuelekea safu ya kwanza. Lukumani alizitazama safu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali fulani humo alikuwa amemlilia mkewe, na mahali pengine pote alikuwa amewalilia watu asiowajua, na hapakuwa na wa kumwambia lipi lilikuwa lipi.